Siku tano za kindi Kentucky: bunduki mbili, sufuria moja

Ni wiki ya pili tangu nirudi kutoka kuwinda kindi huku Kentucky, Marekani, na swali ninaloulizwa ni lile lile: "Ulibeba bunduki gani?" Picha niliyowatumia ya sufuria ya nyama imewafanya ndugu wa Lexington na Louisville waamini kwamba nimekuwa mwindaji. Sijawa. Nimekwenda mara moja, nikiwa na mtu anayejua kazi. Haya nimeyatoa kwenye daftari lililolowa umande na kwenye picha za simu, kwa hiyo saa nyingine ni za kukadiria.

Mimi ni mtoto wa Newala. Nyama ya kwanza kuipata kwa mkono wangu mwenyewe ilikuwa panya wa shambani, kwa mtego. Kuchakuro tulikuwa tunawafukuza kwenye mikorosho kwa mawe na kelele. Kwa hiyo sikuhitaji kushawishiwa kwamba kindi analika. Nilichohitaji ni kufundishwa namna ya kumpata bila kumharibu.

Jumatano, 18 Septemba. Lexington

Mwenzangu wa safari namwita Papa, kama vijana wote wa kanisani kwetu wanavyomwita. Ni Mbembe wa Fizi, Kongo, amekaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Kentucky. Baba yake alikuwa mtu wa gobore.

Kabla ya bunduki, makaratasi. Leseni ya uwindaji kwa mkazi wa Kentucky nilinunua mtandaoni kwa dola 27. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada ya hapo lazima awe pia na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Sasa, waliopita kambini wanajua mambo ya Januari mosi: asiyejua siku aliyozaliwa, karani anamwandikia hiyo. Papa makaratasi yake yanasema 1 Januari 1975. Sheria ilimkuta mlangoni kabisa. Tukasoma wote wawili majira ya baridi yaliyopita, mzee mwenye mvi amekaa dawati moja na watoto wa miaka kumi na miwili, na wakati wa kufyatua mbele ya mkufunzi aliwashinda wote, na mimi pia.

*Kwa watakaofuata:* raia, mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu na mkimbizi aliyepokewa rasmi, njia yao ni nyepesi. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki na risasi isipokuwa ana kighairi, na kimojawapo ni leseni halali ya uwindaji. Asiye na makaratasi kabisa asiguse, hata ya kuazima, hata risasi moja mfukoni. Muulize mwanasheria wako kwanza, usinitegemee mimi.

Mchana tukaenda dukani. Papa tayari alikuwa na shotgani, yaani bunduki ya kurusha marisau, vipunje vingi kwa mpigo mmoja, ya geji 20 (kipimo cha mtutu), ya kukunja, inayomeza risasi moja tu kwa wakati, aliyoinunua kwa mtu kwa dola 110. Mimi nilikuwa na Savage Mark II ya twenti-tuu, bunduki ya risasi moja moja ndogo za .22, imetumika, dola 170 pamoja na darubini iliyokwaruzika. Tulichotafuta ni risasi. Kijana wa dukani alikuwa mchangamfu, akatutolea bunduki nyingine kabisa, ya risasi nyembamba zaidi iitwayo .17 HMR, akasema hiyo ndiyo ya kisasa. Kweli ni ya kisasa, ilitoka mwaka 2002, na inakwenda: kirisasi cha greini 17, kama gramu moja tu, kinatoka mtutuni kwa kasi ya mita zaidi ya 770 kwa sekunde. Nikampigia simu mzee wa Kentucky tuliyekuwa tunaenda kwake, aliyefanya kazi nami ghalani kabla hajastaafu. Akaniuliza swali moja: "Ukikosa kichwa ukampiga mgongoni, utakula nini, mkia?"

Basi tukarudi kwenye twenti-tuu. Risasi hii imekuwepo tangu 1887 na hadi leo ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Nilichukua boksi mbili za 50. Moja ni ya kasi ya kawaida, greini 40, mita kama 326 kwa sekunde, yaani iko chini kidogo ya kasi ya sauti, kwa hiyo haipasui hewa kwa ule mlio mkali. Nyingine ni ya kasi zaidi, greini 36, yenye tundu puani ili ipanuke ikigonga. Dola 8 moja, dola 9 nyingine. Kwa Papa boksi la 25 la geji 20, marisau namba 6, dola 14. Kila ganda, yaani risasi moja ya shotgani, lina marisau kama 200. Alitaka namba 7 na nusu kwa kuwa ilipungua dola nne, mzee akakataa kwenye simu: hizo ni za njiwa, kindi ana ngozi ngumu kama mkoba, zinamjeruhi tu anakwenda kufia shimoni.

Alhamisi, 19 Septemba. Lexington hadi Salt Lick, na pori lenye sheria yake

Tulitoka saa tatu asubuhi kwa barabara ya I-64 kuelekea mashariki. Mafuta dola 38. Ukarabati wa barabara karibu na Mount Sterling ulitukalisha dakika arobaini kwenye foleni, Papa akalala. Zaidi ya hapo ni mashamba ya farasi yanayogeuka polepole kuwa vilima, sina la kueleza.

Salt Lick ni mji mdogo, jina lake ni mahali wanyama walipokuwa wakienda kulamba chumvi. Mzee alitungoja kwenye baraza la nyumba yake na ndoo ya nyanya aliyotulazimisha kuibeba. Kabla hatujala chochote, akatuongoza nyuma ya ghala, akabandika karatasi kwenye boksi mbele ya ukingo wa udongo, hatua arobaini. "Bunduki haijui bei ya risasi," akasema. "Iulize inapenda ipi." Nikapiga tano za ile ya kasi: matundu yalisambaa kama kiganja changu. Nikapiga tano za ile ya polepole: zote tano zingefunikwa na sarafu ya senti 25. Nikairudisha mfukoni ile boksi ya dola 9, na hadi leo imebaki na 45.

Halafu ikawa zamu ya shotgani. Papa alipiga karatasi kubwa kwa hatua ishirini na tano, tukahesabu marisau yaliyoingia kwenye duara la ukubwa wa kindi: mengi. Kwa hatua arobaini: matatu. Mzee akachora mstari mavumbini kwa kisigino kati ya umbali huo miwili. Papa akaelewa bila mkalimani.

Kutoka hapo ni barabara namba 211 kuingia Msitu wa Taifa wa Daniel Boone, ambao ni zaidi ya ekari laki saba. Kuweka hema porini humo ni bure. Tukapata uwanda mzuri upande wa Ziwa Cave Run, tukasimamisha hema, Papa akaanza kuwasha moto wa chai. Ikasimama pikapu yenye mbwa wawili nyuma. Jamaa akashusha kioo, akaangalia shotgani, akauliza kwa upole kama tumeona kibao. Hatukukiona. Kumbe tulikuwa ndani ya Pioneer Weapons, eneo la ekari 7,610 ambamo kuwinda kwa bunduki za kisasa ni marufuku: humo ni pinde, na magobore ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu.

Nilipomtafsiria, Papa aliketi chini akacheka hadi machozi. "Kwetu gobore ni ya masikini," akasema. "Hapa bameipatia pori yake yenyewe!"

Yule jamaa angeweza kuondoka akatuachia faini yetu ya kesho. Badala yake alitusubiri tukakunja hema, akatutangulia kama dakika ishirini hadi upande mwingine wa mpaka, akatuonyesha kwenye ramani yake mstari unapopita. Pesa akakataa. Chapati tatu akapokea, na moja akagawia mbwa, jambo ambalo sijamwambia aliyezipika.

*Kwa watakaofuata:* pakua ramani kabla hujatoka Lexington, kule mtandao unakatika. Chakula kifungiwe ndani ya gari usiku, dubu wapo na ni agizo la msitu. Na msimu: mwaka tuliokwenda kindi walifunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, na msimu ulipangwa kwenda hadi mwisho wa Februari, ukifungwa siku chache tu wakati wa msimu mkuu wa bunduki wa paa wa Novemba. Ruhusa ni kindi sita kwa mtu kwa siku.

Ijumaa, 20 Septemba. Siku ya kufundishwa kukaa

Tuliamka saa kumi na moja. Jua kule mwezi huu linatoka karibu saa moja na nusu, na mzee alisema tuwe tumeshakaa chini kabla mwanga haujaja. Tafuta mhikori, alisema, usitafute kindi. Mhikori ni mti wa jamii ya jozi, na Septemba kindi wanaupenda kuliko mialoni.

Tukakaa. Saa nzima hakuna kitu ila mbu. Halafu nikasikia kama manyunyu ya mvua kwenye majani, na anga ni kavu. Ni maganda. Kindi yuko juu anaguguna, maganda yanaanguka. Papa alishaonyesha kwa kidevu.

Wa kwanza nilimwona amekaa kwenye tawi la juu, nyuma yake anga tupu, mzuri kama picha. Nikainua. Papa akaweka viganja vyake viwili juu ya mtutu akaushusha chini.

"Hapana piga ile, mutoto. Ile masasi itaanguka kwa nani?"

Kwenye boksi la twenti-tuu wameandika: hatari hadi maili moja na nusu, ambazo ni kilomita 2.4. Nilikuwa nimeisoma dukani nikaona ni maneno ya wanasheria. Ukiwa umelenga juu angani, maneno yale yanabadilika. Kwa marisau ni tofauti, yanapoteza nguvu upesi na kunyesha, ndiyo maana mwenye shotgani anaruhusiwa kupiga juu kwenye majani na mwenye twenti-tuu anangoja kindi akumbatie shina. Nilingoja. Nikakosa wawili waliokumbatia shina. Wa tatu alishuka mwenyewe hadi kwenye gogo, hatua kama ishirini na tano, akanyanyuka kunitazama, nikampiga chini ya sikio. Huyo ndiye pekee siku hiyo kwangu. Papa alipata wawili.

Saa tano joto likapanda, kindi wakanyamaza, tukarudi kambini kujikagua kupe. Ninasisitiza hili kuliko bunduki. Kentucky kuna kupe mwenye doa jeupe mgongoni, na watu wengine akishawang'ata wanapata mzio wa nyama nyekundu: ng'ombe, mbuzi, nguruwe. Mtu wa kwetu umwambie hutakula mbuzi choma tena maishani kwa sababu ya mdudu! Tulichomeka suruali ndani ya soksi na kupuliza dawa kwenye nguo. Mimi niliwatoa wanne, Papa hakuwa hata na mmoja, akasema wanajua mtu wa Fizi.

Jioni tulikula maharage. Kindi watatu walilala kwenye boksi la barafu.

Jumamosi, 21 Septemba. Mzee anakuja na kikaango

Asubuhi ilikuwa yetu. Papa alijua sasa mstari wake wa mavumbini: alikuwa anamwacha kindi aliye mbali bila hata kuinua bunduki. Watano kwa maganda sita ya shotgani. Mimi wanne, wote kichwani au shingoni, kwa risasi tisa. Nakiri wivu ulikuwepo. Shotgani ni rahisi zaidi majani yakiwa bado mitini, na anayeanza kabisa nitamshauri aanze nayo. Lakini ngoja tufike mezani.

Mzee alifika saa sita na kikaango cha chuma kizito, unga wa ngano, mafuta ya nguruwe na mfuko wa biskuti, zile za kwao ambazo ni mkate laini, si biskuti za dukani. Kwanza akatufundisha kuchuna. Kindi mloweshe maji, manyoya yake yakishika nyama hayatoki. Kata chini ya mkia, katiza mfupa, bakiza ngozi ya mgongoni. Kanyaga mkia, vuta miguu ya nyuma kwenda juu: ngozi inavuka kama fulana ya mtoto hadi mikononi. Suruali inayobaki unaivuta upande wa pili. Yeye alitumia dakika moja. Mimi wa kwanza nilitumia robo saa, na manyoya yake yalitosha kujaza mto.

Kindi mmoja alikuwa na uvimbe shingoni, ndani yake funza mnene wa nzi wa porini. Nilitaka kumtupa. Mzee alisema Agosti na Septemba ni kawaida, funza anakaa kwenye ngozi na anatoka nayo, nyama haina shida. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini glavu vaa, kwa sababu yapo maradhi ya sungura na kindi yanayopita kwenye mikwaruzo ya mikono, na nyama iive hadi ndani kabisa, nyuzi 74 za selsiasi kama una kipimajoto.

Vichwa je? Bibi yake alikuwa akikaanga bongo na mayai. Yeye ameacha. Mwaka 1997 madaktari wa Kentucky waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu wagonjwa watano wa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob ambao wote walikuwa wakila bongo za kindi. Haikuthibitishwa kwamba bongo ndizo chanzo. Mzee alivitupa vyote hata hivyo, na Papa, ambaye hatupi kitu, hakubisha.

Kindi anakatwa vipande vitano: mapaja mawili, mikono miwili, na mgongo. Mzee aliwabonyeza masikio kabla ya kuchuna na kuwatenga: sikio laini na ngozi inayochunika kirahisi ni kijana, akaangwe, mwenye ngozi inayogoma ni mzee, akachemshwe. Vijana wanne aliwavingirisha kwenye unga, chumvi na pilipili manga nyingi, akawakaanga hadi rangi ya kahawia. Kisha akamwaga maziwa kwenye mafuta yaliyobaki, akakoroga na unga, ikawa rojo nyeupe ya kuchovyea biskuti. Nyama: tamu, ina kitu cha njugu ndani yake, iko katikati ya kuku wa kienyeji na sungura. Ile rojo, sijui niseme nini, ni uji uliomwagiwa pilipili manga. Papa alikula vijiko viwili kwa heshima na cha tatu kwa kumwonea mzee huruma.

Mzee ndiye aliyeuma risau la kwanza. Alilitoa kinywani, akalitazama kwenye mwanga, akalitupa motoni bila kumtazama mtu.

Jumapili, 22 Septemba. Nyumbani

Papa alitaka kuwahi ibada ya saa nane, tukawahi. Gari lilirudi na nyanya, viazi, na chupa ya asali ya mzee.

Jumla, bila bunduki: leseni mbili 54, risasi 31, mafuta 38 na 20 za kuongezea, barafu na vyakula 47. Dola 190 kwa watu wawili. Kindi kumi na wawili, wanne tukala kambini, wanane nyumbani. Kwa kilo, ng'ombe angekuwa nafuu, nalikubali hilo mapema kabla hamjaniandikia.

Jumatatu, 23 Septemba. Sufuria

Wale kindi wazee niliwaloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Nilitenga vipande vya Papa na vyangu, nikapitisha ncha ya kisu kila palipo na doa la damu kutafuta marisau. Pale manyoya yalipoingia na risau, unakata kipande chote. Vya kwangu havikuhitaji. Nikachemsha vyote kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, moto mdogo, saa moja na dakika arobaini, hadi nyama ikaanza kuachia mfupa. Kisha kitunguu kwenye mafuta, nyanya za Salt Lick, bizari, pilipili moja nzima bila kuipasua, nyama na supu yake kikombe kimoja, mwisho tui zito la nazi, likatokota mara moja tu. Ugali ulikuwa wa unga mweupe wa mahindi wa kinu cha Weisenberger kilichoko Midway, ambacho kinasaga tangu karne ya 19; ukisongwa vizuri humwambii mtu kwamba si dona la nyumbani. Mke wa Papa alileta sombe, yaani kisamvu.

Jirani yetu wa Mombasa alikuja, akauliza kama bismillahi ilitajwa wakati wa kufyatua, na Papa akajibu kwa ukweli kwamba yeye alimtaja Yesu. Jirani akala sombe na ugali. Anasema kuhusu kindi mwenyewe masheikh wana kauli zao, atauliza.

Wengine wote walikula hadi mifupa. Halafu katikati ya mazungumzo ikasikika "tii" kwenye sahani. Binti yangu wa miaka sita alikuwa ametema kitu, anakitafuta kwa kidole kwenye mchuzi.

"Baba, kindi anakula mawe?"

Papa aliinua macho akaanza kuikagua taa ya dari kama fundi.

Nyama iliyobaki imo kwenye friza, mifuko miwili. Mama watoto ameiandika kwa kalamu nyeusi: mmoja "wageni", mwingine "Papa".